Kokoto za kifusi zina kiu
Juzi tena, saiti moja hapa Dar es Salaam, fundi kaniambia: "Injinia, kokoto za kifusi hazina nguvu, zege lake litapukutika." Nimechoka kuisikia kauli hii. Nikamwomba aokote kokoto moja kwenye rundo la zege lililovunjwa, aitazame. Ndani ni graniti nzima, kama hii tunayoshusha kutoka Lugoba. Nje imegandwa na mota ya zamani, yaani saruji na mchanga vilivyoganda, ya kijivu, yenye vitundu. Tukaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Vipovu vikapanda mfululizo.

Kesi iko hapo. Graniti safi aghalabu hunywa maji chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Kokoto za kifusi, kwa ajili ya ile mota, mara nyingi hunywa asilimia 3 hadi 10. Weka kilo 300 za kokoto hizo, kavu, zenye unyonyaji wa asilimia 6, kwenye meta moja ya ujazo ya zege: lita 18 zinamezwa na mawe. Slampu, yaani ulaini wa zege bichi, inashuka toroli likiwa bado njiani. Fundi anaona zege limekaza, anafungulia mpira wa maji. Angerudisha lita 18 zilezile pasingekuwa na neno, maana maji yaliyomo ndani ya jiwe hayahesabiwi kwenye uwiano wa maji na saruji. Lakini anakadiria kwa macho, anatia 30. Zile 12 za ziada ndizo zinazolegeza zege, na kyubu, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, zikifeli siku ya 28, lawama yote inabebeshwa kifusi!

Kwa hiyo loweka usiku, chuja asubuhi. Kiasi cha kuloweka ndicho bado kinanisumbua: zikishiba kabisa, hutema maji pembezoni mwa jiwe, palepale saruji mpya inapotakiwa kushika. Mimi huishia kwenye robo tatu hivi ya kiu yake, na bado kuna siku matokeo yananigomea.

Mchanga wa kifusi siugusi. Jipsamu itolewe yote, inaleta salfeti, chumvi inayokula zege. Kifusi cha jengo la ufukweni kipimwe chumvi kabla hakijakaribia nondo. Tukizingatia hayo, kifusi kuwa asilimia 20 ya kokoto zote hakunitishi. Hata BS 8500, kiwango cha zege cha Uingereza, inairuhusu kwenye zege la nondo.

Fundi akauliza pipa la kulowekea likae wapi. Nikamwambia kivulini, na ule mpira autoe karibu na mikisa, mashine ya kuchanganyia zege.