Kulazwa kwa Amri Hakumnyang'anyi Mgonjwa Haki Zake

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, dawati letu la msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam hupokea ndugu wenye swali lilelile: "Mgonjwa wetu kachomwa sindano kwa nguvu, tumshitaki daktari?" Tulieni kwanza. Anayetaka kujirusha ghorofani hasubiriwi asaini fomu. Hoja ya kisheria huanza baadaye, mtu akishatulia, anaeleza kwa nini dawa fulani haitaki, na hakuna anayemsikiliza.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua anayelazwa kwa hiari na asiye kwa hiari, na huyu wa pili ndiye anayemhusu hakimu, mtoa amri ya kulazwa. Katiba, ibara ya 13(6)(a), inampa mgonjwa haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Anayeshikiliwa isivyo halali anaweza kuombewa Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake, awe kwenye taasisi ya umma au mikononi mwa watu binafsi. Watu binafsi ni pamoja na mganga, nyumba ya maombi, na nyinyi mliomfungia kaka yenu chumba cha uani.

Maombi huambatana na hati ya kiapo: nani anashikiliwa, wapi, tangu lini, na anayemshikilia ni nani. Kiapo hufanywa mbele ya Kamishna wa Viapo. Mhuri wa serikali ya mtaa hautoshi. Ukiandika jambo uliloambiwa, mtaje aliyekuambia, vinginevyo aya hiyo inaweza kuondolewa.

Wengine huja na habari za Marekani, kwamba huko dawa za kulazimishwa huamuliwa na jaji. Ni kweli, katika jimbo la Massachusetts, tangu hukumu ya kesi ya Rogers ya mwaka 1983, dawa hizi za ugonjwa wa akili nje ya dharura kwa asiyeweza kujiamulia huamuliwa na jaji, anayejiuliza mgonjwa mwenyewe angechagua nini kama angekuwa na uwezo huo. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa mahakama ya Kisutu hapa Dar es Salaam.

Na jamani, amri ya kulazwa si ruhusa ya kuuza kiwanja cha mgonjwa Mbagala! Usimamizi wa mali zake una maombi yake mahakamani. Wala kumsagia vidonge kwenye uji kimyakimya si ridhaa; akigundua, hatakula tena chakula chenu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Njooni na nakala ya amri, karatasi za hospitali na kitambulisho. Mgonjwa akiweza kutembea, mleteni pia. Dawa asiache kabla ya kuonana na daktari.