Maji Hayatii Ukali Kwenye Nondo

Mwezi huu ni mara ya tatu. Kijana mmoja anayeunda mitumbwi kaja karakanani kwangu hapa Igoma, Mwanza, akitokea Igombe, mkononi ana kipande cha nondo ya milimita 16. "Shikamoo fundi. Nifulie patasi. Ukimaliza uichovye humu." Kidumu cha lita 5, kimejaa maji ya ziwa. Amekibeba njia yote hiyo kwa sababu kaambiwa maji ya bomba yana dawa, hayakazi chuma.

Nimeitikia marahaba, nikamkalisha kwenye gogo, nikavukuta moto. Nondo ilipoiva vizuri nikaichovya kwenye maji yake mwenyewe ya ziwa, nikaibana kwenye jiliwa na kuipiga nyundo. Ikapinda kama kijiti kibichi. Nikachukua kipande cha springi ya gari, nikakipasha vilevile, nikakichovya, nikakipiga. Kikakatika kwa pigo moja. Kijana akanyamaza.

Maji hayaongezi kitu ndani ya chuma. Kazi yake ni kuondoa joto upesi, basi. Kinachokaza ni kaboni ambayo tayari imo. Chuma kikiiva vya kutosha, kaboni huyeyukia ndani yake. Kikipozwa ghafla haipati muda wa kujitenga, inabanwa humohumo, na huo mbano ndio ugumu. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo mno kwa kazi hiyo. Springi huwa na karibu asilimia 0.6, na tupa nzuri hufikia 1 au zaidi. Kama haimo, chovya ziwani, chovya baharini, hakuna utakachokaza. Wala usiseme mkaa wa moto utaiongeza. Kuingiza kaboni kwa mkaa kunataka chuma kifungiwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa na kukaa kwenye moto mkali kwa saa nyingi, na hata hapo inaingia kwenye ngozi tu. Dakika chache kwenye moto wenye upepo wa mvukuto zinaweza hata kuipunguza.

Warongo wa upande wa Geita, waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe, hawakuwa na kipimo cha kaboni. Lakini chuma cha tanuri lile hutoka hakilingani, huku laini, huku kigumu, na mhunzi alilazimika kukijua kabla hajaamua kipi kiwe jembe na kipi kiwe shoka. Kuchagua chuma ndiko kulikotangulia. Sisi tunataka kuanzia kwenye ndoo.

Kuhusu joto: ukikaa kivulini, weka sumaku karibu. Ikiacha kushika, umefika kama nyuzi 770. Ongeza kidogo, kisha chovya. Ukizidisha, chembe za chuma zinakua. Ukikivunja utaona ndani kumekuwa kama chumvi ya mawe badala ya unga wa kijivu. Na springi mimi siichovyi kwenye maji kabisa, ni mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo. Maji yanaipoza kwa pupa, inapasuka kwenye kona.

Sasa nifike panaponiumiza. Wengi wanadhani baada ya kuchovya kazi imekwisha. Chuma kilichotoka kuchovywa ni kigumu kama chupa na kinavunjika kama chupa. Tezo ya namna hiyo ukiipiga kwenye taruma, yaani ubavu wa mtumbwi, la mvule, makali yanamomonyoka siku ya kwanza, na mteja anasema chuma kibovu. Chuma hakikuwa kibovu. Hakikurudishwa kwenye moto mdogo ili kisivunjike ovyo.

Nasugua upande mmoja kwa msasa mpaka ung'ae, kisha nalaza mgongo wa chombo juu ya pande la chuma la moto na kutazama. Rangi zinatembea kutoka mgongoni kuja kwenye makali: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Patasi ya kusukuma kwa mkono naikamata kwenye njano iliyokolea, karibu nyuzi 230. Patasi ya kugongwa naiacha iguse kahawia. Tezo naiacha ifike kahawia inayoanza kuingia zambarau, kwa sababu tezo inakula pigo kila sekunde. Buluu iko karibu na 300. Hiyo ni ya springi, siyo ya makali. Rangi ikifika unapotaka, ipoze palepale. Ukizubaa kidogo tu, imekupita.

Na rangi hizo zinadanganya. Chuma kikikaa muda mrefu kwenye joto dogo, kinaonyesha rangi ya joto kubwa. Chenye kromu kinachelewa kuonyesha. Jua la saa sita likiingia karakanani, njano yangu ya jana siyo ya leo. Tena springi zenyewe ni za magari yaliyokufa: imebeba mizigo miaka mingapi, ina ufa gani usioonekana? Mwaka jana nilifua tezo mbili kutoka ubapa mmoja wa springi, siku moja, moto mmoja. Moja inafanya kazi hadi leo, ya pili ilipasuka kwenye tundu la mpini. Niliirudia kichwani wiki nzima na sikupata kosa langu. Nilimfulia mwenyewe nyingine bila malipo.

Lakini kuna kosa ambalo si langu, na linaniudhi kuliko nondo. Seremala anachukua patasi niliyoitolea jasho, anaipeleka kwenye grainda kavu, cheche zinaruka, ncha inageuka buluu, anatabasamu kwamba imepata ukali. Ile buluu ni nyuzi 300 hivi. Amelegeza kwa nusu dakika nilichokikaza asubuhi nzima. Ukilazimika kutumia grainda, gusa kidogo, chovya kwenye maji, gusa tena, ncha isifike kukuunguza kidole. Na kumalizia ni kwenye kinoo.

Yule kijana nimemfulia patasi ya springi, ataifuata Jumamosi. Nondo yake sikuirudisha vilevile. Nimeikunja kuwa nanga ya mtumbwi, maana nanga ikinasa kwenye mwamba, heri ipinde kuliko ikatike.