Je, wajua vitini vya warsha uliyofundisha ni vya nani?

Shirika linamwita mwezeshaji wa kujitegemea Naivasha, afundishe viongozi wa vikundi vya akiba namna ya kuweka hesabu. Wiki nzima kabla ya safari anakesha akiandika kitini: mifano ya daftari la mapato na matumizi, mazoezi, maswali ya kujipima. Siku tatu zinakwisha, analipwa, wanaagana kwa heri. Mwaka unaofuata anasikia kitini kilekile kinafundishwa Kakamega na mtu mwingine. Je, ameibiwa?

Kwa sheria ya Kenya, huenda hakuibiwa. Kwa kawaida mwandishi ndiye mwenye hakimiliki ya kwanza. Lakini kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kwamba kazi ikiandikwa kwa kuagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mwandishi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Yaani mshauri wa kujitegemea na mfanyakazi wa kudumu wamewekwa kapu moja. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawakuajiriwa, walichoandika ni chao. Uingereza ndivyo ilivyo, kwani kwa sheria yao ya mwaka 1988 anayechukua hakimiliki bila maandishi ni mwajiri peke yake. Aliyeagiza tu hupaswa kuhamishiwa kwa hati na mwandishi. Ndiyo maana kunakili mkataba wa kigeni na kubadilisha majina ni hatari kwa pande zote mbili.

Swali gumu ni hili: ni nini hasa kilichoagizwa? Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi aliyopewa, zikisema “aandae na kufundisha moduli nne”, moduli zimeagizwa, hakuna ubishi. Zikisema tu “afundishe kwa siku tatu”, kuna nafasi ya kujitetea, hasa kama kitini kilikuwepo kabla ya simu ya kwanza kupigwa. Kazi iliyokwisha kuandikwa haiwezi kuwa imeagizwa. Kwa hiyo mwezeshaji mwenye akiba ya vitini aorodheshe kwa majina vile anavyokuja navyo, na orodha hiyo iambatishwe kwenye mkataba. Hilo naliona muhimu kuliko hata ratiba ya malipo, ingawa watu hubishana kuhusu malipo peke yake. (Na kwenye malipo pia wengi hushtuka: mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla ya kulipa, ya asilimia 5, hivyo mkataba wa shilingi 100,000 huingiza 95,000 benki. Fedha hiyo haijapotea. Huhesabiwa wakati wa kuwasilisha ritani kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, kwa hiyo fuatilia cheti chake.)

Kuna visivyohama. Maarifa yaliyo kichwani hayana hakimiliki. Sheria hulinda kazi iliyowekwa katika umbo la kudumu, si wazo. Mwezeshaji wetu anaweza kesho kufundisha hesabu zilezile mahali pengine kwa maneno mapya na mifano mipya. Kifungu cha 32 nacho humwachia mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeandika, na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumharibia heshima, hata baada ya hakimiliki kuondoka. Kwa hiyo kama kule Kakamega jina lake limefutwa kwenye jalada na kuwekwa la mwingine, hapo ana la kudai.

Shirika nalo lina haja ya kweli. Limetumia fedha za mfadhili na linataka kitini kiendelee kutumika kaunti nyingine bila kumwomba mtu ruhusa kila mara. Sentensi mbili hutosha kuwaridhisha wote: “Hakimiliki ya vitini inabaki kwa mwezeshaji. Shirika lina ruhusa ya kudumu ya kuvichapisha na kuvitumia katika mafunzo yake bila malipo zaidi, jina la mwandishi likibaki.”

Ziandikwe kabla ya kalamu kugusa karatasi ya sahihi. Hakimiliki ikishahama, hairudi kwa ahadi ya mdomo wala kwa kupeana mikono. Kifungu cha 33 kinataka uhamisho uwe wa maandishi na utiwe sahihi na anayeitoa, na safari hiyo anayeitoa ni shirika.