Nomino inapofanya kazi ya kivumishi katika Kiingereza

"Health worker" ni mfanyakazi wa afya: muuguzi, mkunga, mhudumu wa zahanati. "Healthy worker" ni mfanyakazi mwenye afya njema, hata kama kazi yake ni kubeba zege. Maneno yote mawili yamekaa mbele ya "worker", ila "health" ni nomino na "healthy" ni kivumishi. Nomino ikikaa hapo hutaja aina, yaani mfanyakazi wa nini. Kivumishi hutaja sifa, yaani mfanyakazi wa namna gani.

Ukitaka kuhakikisha, tia "very". "A very healthy worker" inakubalika. "A very health worker" haisemeki kabisa.

Kinachotutatiza zaidi sisi wa Kiswahili ni mpangilio. Kwetu neno kuu huanza, kisha a-unganifu hufuata, kama "wa" katika "mfanyakazi wa afya". Kwa Kiingereza neno kuu huja mwisho, na hakuna kiunganishi chochote. "Chocolate milk" ni maziwa yaliyotiwa chokoleti. "Milk chocolate" ni chokoleti yenye maziwa. Kwa hiyo maneno yakirundikana, anza kusoma nyuma: "village health worker training" ni mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijijini. Kivumishi cha kawaida kikiwapo hutangulia nomino hizo, ndiyo maana husemwa "big stone house", si "stone big house".

Nomino hiyo ya mbele kwa kawaida hubaki katika umoja. Duka la viatu ni "shoe shop", ingawa viatu vimejaa hadi mlangoni. Yapo machache yanayokataa, kama "savings account" na "clothes shop", na hayo ni ya kukariri tu.

Kuhusu malighafi, hakuna kanuni moja. Pete ya dhahabu ni "gold ring", na "golden" siku hizi huelekea zaidi rangi, kama "golden hair". Lakini kiti cha mbao ni "wooden chair", na hapo kivumishi ndicho kinachotaja malighafi.

Halafu kuna "English teacher". Mkazo ukiwa kwenye "English", neno hilo ni nomino, na huyo anafundisha Kiingereza. Ukihamia "teacher", ni kivumishi: mwalimu ni Mwingereza. Katika maandishi mkazo hausikiki, kwa hiyo penye utata andika "a teacher of English" au "a teacher from England".