Kubandika nembo si kutengeneza kivinjari

Nimeletewa tena. Simu mkononi, tabasamu hadi masikioni: "Kaka, hiki ndicho kivinjari cha kwanza cha sisi watu wa Kusini." Nikakifungua. WebView ya Android, yaani kile kipande cha Android kinachofungua kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, upau wa kijani, nembo ya korosho. Nembo nimeisifu, nzuri kweli. Ila naomba tuelewane, maana hapa Mtwara hii habari nimeshaichoka.

WebView ya Android ni Chromium, msimbo wa wazi wa Google unaojengea Chrome. Injini ya ndani, yaani sehemu inayosoma ukurasa na kuuchora, ni Blink, ileile ya Chrome, Edge, Opera na Brave. Ukiitoa hiyo, zilizobaki zenye watumiaji wengi ni WebKit ya Apple na Gecko ya Firefox. Na Blink yenyewe ilichepuka kutoka WebKit mwaka 2013, na WebKit ilitokana na KHTML ya mradi wa KDE, kwa hiyo ukifuata ukoo unabaki na familia mbili. Opera waliiacha injini yao ya Presto mwaka huohuo wa 2013. Microsoft nao walitangaza Desemba 2018 kwamba wanahamia Chromium. Microsoft! Hao nao utasema walikosa hela?

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Si kanuni za wavuti zimeandikwa? Tengeneza injini yako, unazifuata tu." Jibu hili ndilo linalonipandisha presha.

Kusoma HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) iliyonyooka ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni HTML mbovu, na mtandaoni imejaa tele. Chukua ukurasa wa bei za korosho. Mwandishi kafungua tagi (alama ya HTML) ya table, yaani jedwali, kaweka safu ya daraja la kwanza na ya daraja la pili, halafu katikati ya safu, nje ya seli yoyote, kaandika "Bei za mnada wa leo". Maneno hayo hayaruhusiwi kukaa hapo. Injini ifanye nini? Ikatae ukurasa? Iyafute? Kanuni zinasema yang'olewe yakawekwe nje, juu ya jedwali, hata kama yaliandikwa chini kabisa. Tena itaongeza tagi ya tbody (mwili wa jedwali) ambayo hakuna aliyeiomba. Au mtu kafungua b (maandishi mazito), akafungua i (ya mlazo), akafunga b kwanza ndipo i. Kuna utaratibu mrefu wa kulimaliza hilo peke yake, na ukiusoma mara ya kwanza utadhani umeandikwa na mtu mwenye homa.

Lakini hakuna aliyekaa akabuni haya. Vivinjari vya zamani vilikuwa vikifanya hivyo, kurasa zikazoea, na waandishi wa kanuni za HTML5 wakaamua kuandika kile kilichokuwa kikitokea. Kwa hiyo injini mpya inarithi makosa ya watu wengine, na inatakiwa iyatende sawasawa kabisa na wenzake. Ukiwa nadhifu kuliko wao, ukurasa unavunjika na lawama ni zako.

CSS (mwonekano wa ukurasa), JavaScript (programu za ndani yake), video, kuutenga kila ukurasa usiguse mashine yako: kila kimoja ni mlima wake, sivigusi leo.

Wapo wanaojaribu kweli kuandika injini mpya. Servo ilianzia Mozilla, wenye Firefox, sasa iko chini ya Linux Foundation Europe. Ladybird ilianza ndani ya SerenityOS, mfumo endeshi wa Andreas Kling, ikajitenga mwaka 2024. Wajuaji hukimbilia kusema Ladybird si ya kutoka sifuri kwa sababu inachora kwa Skia na kupanga herufi kwa HarfBuzz, maktaba za msimbo zilizoandikwa na wengine. Jamani! Kuunganisha herufi za Kiarabu ili aya isomeke ni fani nyingine kabisa. Injini ni ile inayoamua kisanduku kikae wapi na kwa nini, na hiyo wameiandika wenyewe.

Kama zitafika, sijui. Majaribio ya pamoja ya Web Platform Tests yanaonyesha zinapanda, ila kufaulu majaribio si sawa na kuingia kwenye akaunti ya benki. Tovuti nyingine inakukataa kwa jina la kivinjari chako tu kabla hujachora hata mstari. Ndiyo maana hadi leo Chrome ikibisha hodi kwenye seva hujitaja Mozilla, KHTML, Gecko na Safari kwa mkupuo mmoja, na Ladybird italazimika kuchagua itadanganya kwa kiasi gani.