Mikono ya Sylvia von Harden

Kila ninapobandika darasani nakala ya picha ambayo Otto Dix alimchora mwandishi wa habari Sylvia von Harden, mwanafunzi mmoja huuliza: huyu Mjerumani hakujua kuchora mikono?

Alijua mno. Picha ni ya mwaka 1926. Mwanamke amekaa peke yake kwenye kona ya mkahawa wa Berlin, ukuta wa waridi nyuma yake, gauni la drafti nyekundu na nyeusi, miwani ya jicho moja. Mezani kuna glasi, kiberiti na kijaluba cha sigara chenye jina lake. Vidole vimerefuka kama mizizi. Sasa sogea utazame soksi: moja imelegea juu ya goti, imejikunja, na kila mkunjo una kivuli chake.

Hapo ndipo ninapotaka macho yao yatue. Dix ametia chumvi kwenye umbo, lakini kwenye ngozi na kitambaa hakutia hata chembe. Vidole ni virefu kupita kiasi, ila viungo vyake ni vya mtu aliye hai. Mchoraji anayembembeleza mteja hulainisha vyote viwili.

Ufundi wake aliuchota kwa mabingwa wa Kijerumani wa miaka ya 1500, kina Cranach. Alichora juu ya ubao. Ubao hupakwa msingi mweupe laini, mchoro ukakamilishwa, mwanga na kivuli vikajengwa kwa tempera ya yai, yaani rangi iliyochanganywa na yai, kisha juu yake hupita rangi ya mafuta nyepesi inayopenyeza mwanga, tabaka juu ya tabaka. Mwanga hugonga weupe wa chini ukarudi. Ndiyo maana wekundu ule unawaka. Ni kazi isiyotaka papara.

Dix alishika bunduki ya rashasha katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1925 Gustav Hartlaub, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Mannheim, aliwakusanya wachoraji wa mwelekeo huu katika maonyesho huko, akawaita Neue Sachlichkeit, yaani kukitazama kitu kilivyo, bila kukipamba. Mchoraji Christian Schad naye huhesabiwa katika mwelekeo huo. Ngozi alizochora zinang'aa kama kioo, lakini mimi namrudia Dix.

Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza Dix kazi ya uprofesa huko Dresden, na von Harden akahamia Uingereza. Picha yenyewe ni mali ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris. Wanafunzi wangu huanza na soksi. Mikono tunaifikia wiki ya tatu.