Kondomu kwa vidole, majibu kwa ishara

Mtu mwenye ulemavu akija kupima VVU na ndugu yake, mara nyingi mshauri humgeukia ndugu: "Mwambie anyooshe kidole." Hapo siri imeshavunjika hata tone la damu halijatoka. Nawaomba wahudumu wenzangu wa Unguja na Pemba: msindikizaji akae nje, ila mwenyewe akimtaka.

Asiyeona hafaidiki na "tazama tarehe". Msomee tarehe ya mwisho siku unayompa kondomu, kisha aziweke kwenye kikopo chake. Za tarehe nyengine, kikopo chengine. Mfundishe kwa uume wa mbao, na vidole vyake ndivyo vifanye kazi, si vyako. Aibonyeze paketi: ikiwa na hewa ndani ni nzima, ikiwa bapa aitupe. Kondomu aisukume upande mmoja, achane upande wa pili penye menomeno, bila mkasi. Aipapase: duara likikunjuka kwa nje, upande ndio huo. Akikosea na imeshagusa uume, asiigeuze. Achukue mpya, kwani majimaji ya mwanzo huweza kubeba virusi. Abane ncha, aikunjue mpaka shinani. Na mafuta ya nazi, ambayo kwetu hayakosekani nyumbani, hulegeza mpira ukapasuka. Mpe kilainishi cha maji.

Kiziwi naye huandikiwa karatasi, ilhali kwa wengi lugha ya kwanza ni ya alama, na wapo ambao shule hawakuipata. Neno "chanya" ni la hatari: mtu hulichukulia kuwa ni habari njema. Sema "una VVU" au "huna VVU". Mkalimani asiwe mama wala shemeji. Ukimtaka arudi baada ya miezi 3, kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kukosa maambukizi mapya, izungushie tarehe kalamu kwenye kalenda akiiona.

La haraka kuliko yote ni kubakwa. Wapo wanaodhani mwenye ulemavu hajaguswa, hivyo hana virusi, na kwa dhana hiyo humlenga. Dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU visishike baada ya tukio, zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito wake; humezwa siku 28. Vituo vya Mkono kwa Mkono vya waliofanyiwa ukatili, kama vya hospitali za Mnazi Mmoja na Chake Chake, hutibu na kuchukua ushahidi pamoja. Aliyekwisha kuoga aende vivyo hivyo. Kwa anayebebwa mpaka barabarani kungojea gari, saa huliwa na safari: aulizie PEP hospitali iliyo karibu, rufaa ifuate baadaye.